Mita ya Mwanangu, Pasi Yangu

Mimi ni mpiga pasi. Ukisikia mtu anasema "alikuwa" mpiga pasi, huyo amenizika kabla sijafa, na umwambie nimesema hivyo.

Chumba changu cha mbele ndicho kiwanda. Kuna meza ya mbao nene, juu yake blanketi la kijivu, juu ya blanketi shuka jeupe, na shuka lina ramani za kahawia pale pasi ilipokaa kuliko ilivyotakiwa. Dirisha linatazama barabara, kwa hiyo nanyoosha huku naona nani kapita na nani, na nani kavaa shati langu la jana akaliharibu kwa kukaa vibaya. Pembeni kuna bakuli la maji, mshumaa uliofungwa kwenye kitambaa wa kusugulia pasi chini iteleze, na kipande cha sabuni kavu. Sabuni hiyo unaipitisha upande wa ndani wa suruali pale mstari unapotakiwa kukaa, unaigeuza, unapiga. Mstari huo mvua itauomba utoke na hautatoka. Ndiyo maana mtaani naitwa Bibi Mstari. Jina la kwenye cheti tunalijua mimi na serikali.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, na pasi yake ilikuwa ya mkaa. Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Pasi ina nguvu na ina uchovu kama mtu. Ikiwa na nguvu ipe nguo ngumu. Ikichoka ipe nyepesi. Usigombane nayo." Basi mkaa ukiwa mwekundu tulinyoosha makaki na mashuka, ukianza kuvaa majivu tukachukua vitambaa vya kichwa na nguo za watoto wachanga. Moto haukutupwa.

Nilipopata pasi ya umeme sikubadili kitu. Ni ya chuma, nzito, na kile kitufe cha kupunguzia moto kilikufa zamani, wala sikumwita fundi. Kitufe ni mkono wangu. Nachomeka, inashika moto, napiga nguo ngumu. Nachomoa, na ule moto uliobaki unanyoosha blauzi laini. Ikipoa nachomeka tena. Chomeka, chomoa, asubuhi mpaka jioni.

Kwa chomeka chomoa hiyo nilimlea mwanangu. Baba yake alifariki mtoto hajaota hata jino. Alilala chini ya meza hii, kwenye kapu la nguo za watu, na alipoanza shule aliandikia kwenye kona yake. Nikifika hapo na pasi nasema, "Sogea, gari la moto linapita," naye anainua daftari bila kuacha kuandika. Leo yuko ofisi ya bima, ana meza ya kioo. Mashati yake yananyooshwa na mashine huko mjini. Nayaona makunyanzi kwapani, namnyamazia.

Siku alipopandishwa cheo alikuja na keki, akasema, "Mama, sasa basi. Pumzika. Mambo ya nguo za watu yaishe."

Nilinyamaza. Alikuwa amefurahi, nami si mtu wa kumwaga maji kwenye furaha ya mtu. Akakichukua kimya changu, akaenda nacho nyumbani kwake kama ahadi. Naandika wazi hapa: kunyamaza si kukubali. Ningekuwa nakubali kila ninaponyamaza, ningekuwa nimeolewa mara sita.

Basi shirika la umeme likaja mtaani kubadilisha mita. Zile za zamani zenye kisahani kinachozunguka ziling'olewa, zikawekwa ndogo nyeupe zenye kioo. Fundi akashuka kwenye ngazi akanieleza. "Bibi, hii ni mita janja. Inapima umeme wako kila dakika na kupeleka habari zake kwenye simu. Utajua kila kinachokula ndani ya nyumba."

"Anayekula humu ndani namjua. Ni mimi."

Akacheka, akaomba simu. Nikampa yangu ya vitufe, akaitazama kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi. Mwanangu alikuwepo siku hiyo, akatoa yake, akaandikisha jina lake na namba yake. Nikaona ni jambo dogo.

Mwanzoni nilifurahi, nisiseme uongo. Simu inalia asubuhi: "Shikamoo, mama. Naona umechemsha chai."

"Marahaba. Unaionaje chai, nawe uko huko?"

"Naona birika. Mstari wa umeme kwenye simu umepanda ghafla."

"Na sukari umeiona?"

"Hapana."

"Basi hujaona kitu."

Tunacheka wote wawili. Akaniambia taa ya uani inawaka mchana, nikaenda nikaikuta kweli inashindana na jua. Akaniambia friji langu linakula kuliko nyumba nzima, nikatazama nikaona mlango haufungi sawasawa, nikaubana kwa kamba, mstari wake ukashuka, akanisifu. Mtoto akianza kumsifu mzazi kwa mambo madogo, mzazi ajue kuna kubwa linakuja.

Ndipo yakaanza maswali.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Kwani huko kwenu kalenda zimeisha?"

"Nijibu tu, mama."

"Alhamisi. Na wewe uko kazini, fanya kazi."

Siku nyingine: "Mama, mke wangu anaitwa nani?"

"Umeoa wa pili bila kuniambia?"

"Mama!"

"Kama umemsahau jina muulize, si mnalala chumba kimoja?"

Mara aniulize nimekula nini, halafu jioni aniulize tena kile kile. Niliogopa, jamani. Nikaenda mlango wa pili kwa mwenzangu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Sindano ingawa ana wajukuu. Yeye hushona, mimi humalizia kwa pasi, ndivyo tulivyoishi.

"Mwenzangu, mtoto wangu anapotea akili," nikamwambia. "Hajui leo siku gani. Hajui jina la mkewe."

Dada Sindano akatoa pini mdomoni. "Ni zile kompyuta. Zinakausha kichwa. Mwombee."

Nikamwombea. Nilimwombea mpaka magoti yakalalamika.

Jumapili moja mchana walikuja watatu: mwanangu, mkewe, na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Huyu tunamwita Mzee Kikao, kwa sababu akiona watu watatu wamesimama pamoja, hata kama wanangoja mvua ipite, yeye hufungua kikao. Mkwe wangu alikuwa na begi kubwa mkononi, na lilikuwa halina kitu. Mgeni mwema huja na mzigo. Anayekuja na begi tupu amekuja kubeba.

Mzee Kikao akasafisha koo. "Shemeji, tumekuja kwa heri."

"Heri haihitaji watu watatu."

Mwanangu akaniwekea simu mbele ya macho. "Mama, tazama hapa." Kwenye kioo kulikuwa na mistari inayopanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama meno ya msumeno. "Hii ni jana. Hii juzi. Kila siku hivi hivi. Unawasha kitu kikubwa, unazima. Unawasha, unazima. Hakuna mtu anayetumia umeme namna hii. Huyu ni mtu anayesahau kama amewasha."

Hapo ndipo nilipoelewa yale maswali. Kumbe wakati mimi namwombea yeye, yeye ananiombea mimi.

Mkwe wangu akanikaribia. Sauti yake ilikuwa chini. "Mama yangu alianza hivyo hivyo. Jiko. Anawasha, anazima, anarudi kuwasha. Sisi tulikuwa tunacheka, tukasema ni uzee. Mpaka siku tuliyomkuta mkono umeungua, na hajui umeunguzwa na nini. Sitaki kucheka mara ya pili, mama."

Moyo ulilainika. Mama yake nilimjua, mwanamke wa heshima zake, na siku zake za mwisho aliniita mimi kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikamshika mkwe wangu bega.

Halafu mwanangu akaharibu. "Tumekutengenezea chumba kwetu, kile cha nyuma. Tumekipaka rangi. Na hapa mpangaji ameshapatikana, anahamia mwisho wa mwezi. Leo tubebe nguo zako kwanza."

Mpangaji! Nyumba hii matofali yake yalitoka kwenye makola ya watu. Nimo ndani, napumua, nina chai kwenye chupa, na mtu ameshapewa kuta zangu.

Ningeweza kusema neno moja tu: pasi. Kinywa kilifunguka, nikakifunga. Mtoto aliyelala chini ya meza hii, kichwa chake kando ya soketi, plagi ikiingia na kutoka juu ya usingizi wake, leo huyo huyo ndiye anionyeshe picha na kuniuliza nawasha nini? Sikumjibu. Mita haikunizaa wala mimi sikuizaa, na sitatoa ushahidi mbele yake.

Isitoshe nilikuwa na kazi. Mashati meupe ya wahudumu wa mgahawa wa barabara kuu yalitakiwa kabla ya jioni. Nikafunua kapu. Nikachomeka pasi.

"Shemeji," akasema Mzee Kikao, "kikao hakijafungwa."

"Endelea nacho. Masikio yangu hayana kazi kwa sasa."

Nikajaza maji mdomoni, nikalipulizia shati ukungu mwembamba, kama inavyopaswa. Mzee Kikao alikuwa amekaa karibu mno, akavua miwani akaifuta.

"Mama, unafanya nini?" akauliza mwanangu.

Mdomo ulikuwa na maji. Kola kwanza, kutoka ncha kuja katikati, ukienda kinyume unaisukumia kunyanzi. Kisha mabega. Pasi ilipowaka sana nikaichomoa, nikavuta blauzi laini ya mteja wa Dada Sindano, nikainyoosha kwa moto uliobaki. Mzee Kikao aliendelea kueleza faida za uzee unaotunzwa. Nikachomeka tena, shati la pili. Nikachomoa.

Simu ilikuwa imebaki mikononi mwa mkwe wangu. Nikamwona anaitazama, ananitazama, anaitazama.

"Baba," akamwambia mumewe, "hebu njoo uone. Ilipanda. Sasa inashuka. Mama, naomba chomeka tena."

Nikachomeka. Tukangoja wote, hata Mzee Kikao alinyamaza. Habari za mita huchelewa kidogo, kama za mjumbe anayepitia kwa shemeji zake.

"Imepanda!" Mkwe wangu akaanza kucheka, machozi nayo yakaja hapo hapo bila kusubiri zamu. "Ni pasi! Mama hajasahau kitu, ni pasi! Wewe ulikulia humu ndani, ukashindwa kuijua pasi ya mama yako?"

Ningependa kusema yaliishia hapo. Mwanangu alikaa chini, uso ukalegea, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Kisha ule uso ukakaza tena.

"Kwa hiyo bado unapiga pasi nguo za watu."

"Unaona kwa macho yako, au mpaka simu ikwambie?"

"Uliniahidi, mama."

"Ulisema wewe. Mimi nilinyamaza."

"Pale ofisini watu wananijua! Mwenzangu mmoja alileta shati lake hapa, akaja kuniambia mbele ya wote kwamba mama yangu ana mkono mzuri. Unajua nilijisikiaje?"

"Ulipaswa kusema asante."

Mzee Kikao alicheka kifuani, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Chumba kipo pale pale," akasema mwanangu. "Tena sasa tunajua akili zako ni timamu, afadhali, utaelewa kwa nini uje."

Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko yote. Nikiwa nimechanganyikiwa, nihamishwe. Nikiwa na akili zangu, nihamishwe vile vile. Kumbe mlango ulikuwa mmoja, wameupaka rangi mbili.

"Siendi," nikasema.

"Mama, hii mita iko kwa jina langu. Nikiwaambia shirika wakate umeme hapa, watakata. Utapigia pasi nini?"

"Usiseme hivyo," mkewe akamwambia polepole. Mwanangu mwenyewe alishtuka kwa alichosema. Lakini neno si shati. Likishakunjika hulirudishi mezani ukalinyoosha.

Nikachomoa pasi. Nikaizungushia waya kwenye mpini. Mashati nikayapanga kapuni, kapu nikalitia kwapani, pasi mkono wa pili, bado ina moto.

"Kikao kiendelee," nikasema. "Chai iko kwenye chupa." Nikatoka.

Ukuta wangu na wa Dada Sindano ni mmoja, na yeye masikio yake ni mawili. Nilipoingia nilimkuta ameshaondoa vitambaa kwenye meza yake ya kukatia na ametandika shuka. Hakuuliza kitu. "Soketi ya karibu na mlango ndiyo nzuri kwa pasi nzito," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilipiga pasi mlango wazi. Watu wakipita wanasimama. "Bibi Mstari, umehama?"

"Nimehamishwa. Nenda kawaulize wenye nyumba, wako mle ndani."

Na kweli wanaenda kuchungulia. Baadaye akaja msimamizi wa mgahawa kufuata mashati, akagonga kwangu. Tulimsikia kupitia ukutani.

"Bibi yuko wapi?"

"Yuko hapo, kwa jirani," ilikuwa sauti ya Mzee Kikao.

"Nyinyi ni akina nani?"

"Sisi ni familia."

"Familia iko hapa, na mwenye nyumba yuko kwa jirani anapiga pasi?"

Dada Sindano alibana kitambaa kwa meno asicheke.

Msimamizi akaja akasimama nami akingoja, akayasifu mashati kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, nami sikumzuia. Niliponyoosha la mwisho akaondoka nayo kwenye hanga, meupe, yamenyooka, yakipita mbele ya dirisha langu mwenyewe ambako mwanangu alikuwa amesimama. Nikavuta mzigo uliofuata, mablauzi ya shule yenye makola ya mviringo, kazi ya kutuliza hasira.

Hatimaye kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa amevua koti. Alisimama muda akitazama mkono wangu unavyokwenda, nami niliuacha uende.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nyumba ipi?" Sikuinua kichwa.

Cherehani ya Dada Sindano ilikuwa imesimama, na mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio, unangoja kama mimi. Angesema "kwetu," ningelala juu ya meza ile mpaka siku ya kuzikwa, na Dada Sindano aliniambia baadaye kwamba mto alikuwa ameshauchagua.

"Kwako," akasema.

"Na mpangaji?"

"Nitamwambia hapana."

"Mwambie sasa. Simu si unayo?"

Akapiga pale pale, amesimama juu ya vipande vya vitambaa, akamwomba radhi mtu nisiyemjua. Alipomaliza nikamuuliza, "Na mita?"

"Kesho nitakwenda shirika, iandikwe jina lako."

"Tutakwenda wote. Wewe ukiachwa peke yako na fomu, unaandika la kwako."

Mkwe wangu alikuwa nyuma yake. Akasema ameshawauliza kwa simu, na habari za umeme zinaweza kuja hata kwenye simu ya vitufe, kwa ujumbe mfupi. Kisha akasita. "Lakini mimi naomba, mama, niendelee kuiona kwenye yangu. Si kwa kukuchunga. Nikiona inapanda na kushuka, moyo wangu utatulia."

Yeye nilimkubalia. Binti aliyemzika mama yake haombi mistari kwa ujeuri. "Tazama," nikamwambia. "Ila siku ukiona imelala kimya, usinipigie kuniuliza leo ni siku gani. Njoo kwa miguu yako ukae nami."

"Nitakuja, mama."

"Na wewe," nikamwambia mwanangu, "yule mwenzako wa ofisini, mwambie alete na suruali. Shati peke yake halimpendezi mtu."

Dada Sindano akakanyaga, cherehani ikaanza tena. Mwanangu alijaribu kuzuia midomo yake isicheke, ikamshinda upande mmoja. Akanyoosha mkono kuchukua kapu. "Twende basi, mama. Tunakungoja."

"Ngojeni. Bado mikono na mifuko." Nikamsogezea kigoda kwa mguu. Pasi ndiyo kwanza ilikuwa imeshika moto.

Akakaa, akangoja.